Miali Minne Dirishani

Nimepanga Ruiru, nyumba ya madirisha ya vioo viwili viwili, na moja limejaa ukungu katikati, nafuta ndani, nafuta nje, hautoki. Lakini si ukungu ulionifanya nimwite fundi kutoka Thika. Jioni nikiwasha taa nasimama hapo na mtoto wangu, najiona mara mbili, na mtoto anampungia mkono yule wa nyuma.

Fundi alifika jioni, akacheka. "Mama, vioo ni viwili, kwani ulitaka muwe wangapi?" Akawasha kibiriti mbele ya dirisha. "Hesabu moto."

Nikahesabu miali minne, miwili miwili imekaribiana.

"Kila kioo kina pande mbili, na kila upande unaonyesha wake. Huo ukungu nao ni raba ya pembeni imeachilia. Tutabadilisha kioo, iishe." Akazima.

Ndio nianze kucheka, stima ikapotea, taa zikazimika. Dirisha likawa jeusi, hakuna aliyeonekana, si mimi, si fundi. Nikahisi mkono wa mtoto niliyembeba ukipunga, ukinigusa shavu.

"Fundi, anapungia nani?"

Akawasha kibiriti tena, lakini safari hii hakusema tuhesabu.

Kioo kipya kinakuja wiki hii, wasomaji. Mimi nimetangulia kununua pazia, tena zito.