Wifi Yangu Povu na Tundu la Sanduku

Wifi yangu hana nyusi. Hizo mnazoziona huchora kwa wanja, na siku akiamka na hasira, moja hupanda juu kuliko mwenzake. Za kwake alizipoteza akiwa na miaka kumi na tisa, anajifunza ufundi wa gesi kwa mzee mmoja aliyekuwa akitafuta mvujo kwa njiti ya kiberiti. "Sogeza taratibu," alimwambia. Akasogeza taratibu. Nyusi zikaenda, hazikurudi. Mzee akacheka, akasema ada ya kujifunza ndiyo hiyo.

Tangu hapo wifi hacheki na mtu kazini. Watu wa gatini wanamwita Povu, kwa ajili ya kopo lake la maji ya sabuni la kutafutia mvujo.

Sisi wawili hatupendani sana, nisiwadanganye. Ni dada wa mume wangu, na kwa miaka ishirini na miwili ameniangalia kama mtu aliyeokota mali yao njiani. Lakini asubuhi ile nilimshangilia kimoyomoyo. Mimi ndiye mpishi wa boti, kitanda changu kiko hatua mbili kutoka jikoni, na siku nne mfululizo nilikuwa naamka kichwa kinagonga. Nilimwambia nahodha. Akaja, akasimama mlangoni, akanusa mara mbili kama mbuzi aliyeletewa majani asiyoyajua.

"Hamna gesi hapa. Hicho kichwa ni uzee, mama."

Uzee! Ana miaka mitatu zaidi yangu na tumbo limemtangulia.

Basi Povu akaja kukagua, maana bila saini yake boti haiondoki. Abiria thelathini walishakaa kwenye mabenchi na mizigo yao. Nahodha akamfuata nyuma na karatasi.

"Fundi, saa nne tunang'oa nanga. Weka saini hapa, mengine tutaongea tukirudi. Na tajiri amesema, ukituchelewesha, boti zake zote saba atatafuta fundi mwingine."

Boti saba ndiyo riziki yake yote. Wanawe wawili wako shule. Niliiona nyusi ya kushoto ikipanda.

"Umemaliza?" akamuuliza. "Haya, nipishe."

Akazima majiko, akafungua mtungi mpaka gesi ikajaa kwenye bomba, halafu akaufunga. Akachomoa wanja wake, akachora kistari kwenye kioo cha geji ya presha, pale pale mshale uliposimama. Kisha akakaa juu ya ndoo.

"Sasa unafanya nini?" nahodha akauliza.

"Nasubiri. Bomba likiwa zima, mshale hautembei."

Dakika kumi. Abiria wakaanza kupiga miluzi. Nahodha anatembea huku na huko, anasema wanawake na kusubiri, anamwita Povu bibi nyusi. Mimi nimeshika mwiko, Mungu ndiye aliyeuzuia mkono wangu.

Mshale ukawa chini ya kistari, upana wa kidole.

Povu akalala kifudifudi, akainua ubao wa sakafu, akaingiza kichwa kwenye tumbo la boti. Alipokitoa, uso ulikuwa umebadilika. "Gesi ni nzito, nahodha. Haiji puani kwako, inashuka. Iko huku chini, imejaa."

Unajua yule mtu alifanya nini? Alinyoosha mkono kwenye swichi ya pampu ya kutolea maji ya chini. "Basi niitoe na maji."

Kofi alilopigwa mkononi lilisikika mpaka kwa abiria. "Cheche moja tu!" Povu akapiga kelele. "Moja! Shusheni watu wote, mfungue madirisha yote, na mtu asiguse swichi!"

Watu walipokwisha kushuka, akapaka povu kwenye kila kiungo cha bomba. Hakuna kitu. Mpaka akafika kwenye nati iliyo ndani ya sanduku la mtungi, ukutani, inang'aa rangi ya fedha. Akaikwangua kwa kisu, akapaka tena. Likatoka povu moja, likavimba kama jicho la chura, likapasuka, likaja jingine.

"Nani amepaka rangi hapa?"

"Nilikuwa naipendezesha kwa ukaguzi," nahodha akasema.

Hapo nikafunguka. Nilimwambia yote ya siku nne na ya miaka sita niliyompikia. Nikamwambia alitaka kuniua usingizini, na abiria thelathini wanisindikize. Nikamwita muuaji mbele ya watu, nao wakaitikia. Nilikuwa bado natafuta neno lingine nilipomsikia wifi.

"Lakini gesi hii ingetoka nje. Sanduku la mtungi lina tundu chini kwa ajili hiyo. Kwa nini imerudi ndani?"

Akaingiza mkono chini ya mtungi, akavuta. Likatoka tambara la maua ya njano, limekunjwa vizuri.

Nililizibia tundu mimi mwenyewe.

Mende ndio walionituma. Walikuwa wanapita pale kila siku kuja kwenye unga wangu. Na tambara lile lilikuwa kipande cha gauni alilonipa wifi mwenyewe siku ya harusi.

Alilitambua. Akalikunjua mbele yangu, ua kwa ua.

"Nyani haoni nini vile, mpishi?" nahodha akasema.

"Wewe funga mdomo," Povu akamwambia, bila kumgeukia. Akachukua karatasi yake, asiweke saini, akaandika. Nati imelegea na kufichwa kwa rangi. Tundu limezibwa na mpishi. Aliandika yote, wifi yangu huyo, hakuniachia hata herufi.

Boti ililala gatini siku mbili. Nahodha alihamishiwa boti ya mizigo, mimi nikapewa barua ya onyo, na Povu boti zake saba amebaki nazo. Kichwa hakiniumi tena. Hatujasalimiana tangu siku ile, na simsemeshi mpaka anianze yeye.

Tundu liko wazi. Mende wanaingia wapendavyo. Nawaua kwa kandambili, mmoja mmoja, na kila mmoja namwita wifi.