Pombe Ambayo Valens Hakuionja

Valens alikuwa fundi wa mapazia katika soko la Kimironko, Kigali, lakini ukimwuliza mtu yeyote kule Busanza alikokuwa akikaa, habari za mapazia angekupa kwa ufupi na habari za bia angekupa mpaka uombe kwenda nyumbani. Mapazia yalimlisha. Bia ndiyo iliyompa cheo.

Kila Jumamosi akishafunika cherehani alipanda moto, yaani pikipiki ya abiria, mpaka supamaketi moja kubwa, akasimama mbele ya rafu ya chupa za kigeni kama mtu aliyefika mbele ya altare bila kuungama, akachagua moja asiyoijua. Alisoma karatasi ya mbele na ya nyuma, hata zile za lugha za kina Wabelgiji ambazo hakuelewa neno, akiitikia kwa kichwa. Nyumbani aliimimina katika glasi, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha, akatumbukiza pua, akapiga funda dogo na kufumba macho. Kisha ikaja hukumu. Hii ina harufu ya ndizi iliyosahauliwa kabatini. Hii inaanza na sukari iliyoungua na kuishia na mkaa. Hii ni maji ya kuoshea sufuria, ila sufuria ya watu wenye hela.

Majirani walifurahi. Walimwita Mwalimu na yeye hakuwakataza. Katika kabari, vilabu vya pombe vya Kimironko, mhudumu alipomwuliza swali la kila siku, kama anataka ya baridi au ya moto, Valens alijibu kwa mhadhara, na walioketi naye wakapata nafasi ya kula nyama yake yote ya mishikaki.

Sasa, kuna adabu moja ambayo mtu wa Kigali hafundishwi, anazaliwa nayo. Chupa hufunguliwa mbele ya macho yako. Ukiletewa iliyokwisha kufunguliwa unairudisha, na mhudumu hakasiriki, maana aliyekosea ni yeye. Na pombe isiyo na kizibo, ile ya mtungi au ya dumu, mwenyewe huionja kwanza mbele yako, akameza ukimwona, ndipo akupe. Hakuna anayesema ni kwa nini. Hakuna asiyejua ni kwa nini.

Chini ya nyumba ya Valens, katika jengo hilohilo, alikaa Mukashema. Alikuwa mjane wa makamo, amekulia Bujumbura kama Valens mwenyewe, na ndiyo maana wawili hao walikutana ngazini wakasengenya jengo zima kwa Kiswahili, kwa raha kabisa. Mukashema alipika pombe ya mtama, ikigage. Mtama wake uliochipua ulianikwa kwenye turubai nyuma ya jengo, na kukiwa na upepo, harufu yake ya mkate mbichi ilipanda hadi ghorofa ya juu na kuwafanya watu wameze mate. Wakameza mate tu. Maana Mukashema alifiwa na mume kwa ugonjwa wa tumbo, zamani kwenye mtaa wao wa kwanza, na tangu hapo mtu akasema neno juu ya vikombe vyake, na mwingine akaliongezea chumvi. Mtaa ule ulipohamishiwa Busanza, walibeba magodoro, walibeba sufuria, na lile neno nalo likapata nafasi kwenye lori.

Valens hakuliamini. Alisema hivyo mara nyingi, na kwa sauti, hasa akiwa hana kikombe mkononi.

Basi Béatha, mama yake Ingrid wa jengo la pili, akawa anajiandaa kupokea wakwe. Ingrid alikuwa anaposwa, na wazee wa upande wa pili walitaka mtungi wa ikigage wenye mirija, kama inavyopasa. Bei ya Mukashema ilikuwa nzuri, na Béatha mwenyewe alitaka kumsaidia. Lakini angepataje kuwanywesha wakwe kitu ambacho watu wanakinong'onea? Akapata wazo la kiungwana: aletewe dumu moja la kuonja, Mwalimu atoe hukumu. Mwalimu akisema ni nzuri, nani atabisha?

Siku hiyo Mukashema alipitisha dumu asubuhi na kuliacha mlangoni kwa Béatha, kwa kuwa alikuwa anawahi sokoni kununua mtama. Kwa hiyo walipokaa sebuleni, Béatha, shangazi wawili wa Ingrid na Valens katikati kama hakimu, mwenye pombe hakuwapo. Wa kuionja kwanza hakuwapo.

Béatha alimmiminia. Valens alishika glasi. Rangi nzuri, ya udongo wa kilima cha Rebero baada ya mvua. Harufu ile ya mkate. Mate yalimjaa. Na hapo, bila kumwalika, lile neno la kwenye lori likapanda ngazi likakaa kwenye koo lake. Aliwatazama shangazi, nao walikuwa wanamtazama jinsi watu wanavyomtazama anayetangulia kukanyaga daraja bovu.

Akainamisha glasi mpaka pombe ikagusa sharubu. Akafunga midomo. Akazungusha mate yake mwenyewe mdomoni, akafumba macho, akameza mate hayo kwa kishindo.

“Uchachu,” alisema. “Ni mwingi. Inataka kuongezwa utamu.”

Sebule nzima ilishusha pumzi. Wala si kwa masikitiko. Béatha alisema maskini, angependa sana kumsaidia mama wa watu, lakini wakwe ni wakwe, na hapohapo akaanza kuzungumzia kreti za bia ya Primus. Shangazi mmoja akaimwaga pombe yote kwenye sinki huku akiimba. Valens akafuta sharubu kwa kitambaa, mara mbili, halafu akakiacha kitambaa kwenye jalala la njiani, na ni pale jalalani ndipo aliponaswa na alichokifanya. Wale wanawake hawakumwita aonje. Walimwita awape sababu yenye heshima, naye aliitoa mfukoni kama anatoa utepe wa kupimia.

Tangu siku hiyo hakupata bia nzuri Kigali nzima. Alipanda Rebero, kwenye baa yenye viti vya bustanini ambako vijana wenye ndevu za kuchongwa wanajitengenezea bia yao wenyewe, akaagiza ile nyeusi iliyosifiwa. Chachu. Alirudi supamaketi akanunua chupa iliyofungwa kizibo kwa waya kama mfungwa wa hatari. Chachu. Alikaa kwenye kabari ya mtaani na Primus ya moto, kinywaji alichokinywa tangu apate sharubu. Akairudisha ikiwa nusu, na mhudumu akamwuliza kama ana malaria.

Ngazini akaanza kupita kama mwizi. Akisikia mlango wa Mukashema, alikumbuka kitu alichosahau juu.

Aliyemfungua mdomo ni Usumani, muuza vitambaa wa meza ya jirani pale sokoni, Mwislamu ambaye babu yake alikuja na biashara kutoka pwani. Usumani hakuwahi kulamba bia maishani, ila kwa kumsikiliza Valens miaka yote hiyo angeweza kufungua baa. Valens alimweleza yote, kwa sauti ya chini, huku akijifanya anapima kitambaa. Usumani alimaliza kukunja jora lake kwanza.

“Ile chupa ya juzi, uliyosema imepikwa na watawa wa Ubelgiji,” alisema. “Uliwaona hao watawa wakiionja?”

“Ilikuwa na kizibo.”

“Kizibo alikiweka nani?”

Valens akatafuta mkasi uliokuwa mkononi mwake.

“Watu usiowajua hata jina unawaamini mpaka tumboni,” Usumani alisema. “Jirani anayekuuliza umelalaje kila asubuhi, huyo sasa ndiye wa kumwogopa. Nyinyi walevi mna elimu kubwa, bwana.”

Jumapili baada ya misa Valens alichukua chupa mbili nzuri alizokuwa ameziweka akiba, akashuka kwa Mukashema. Njiani alipanga maneno. Alijua atatukanwa, na kwa kweli alitamani atukanwe. Mtu akishatukanwa vizuri anaweza kulala.

Mukashema alimfungulia mlango kwa tabasamu.

“Mwalimu, njoo ndani. Nilikuwa nasema nipande kwako mwenyewe.” Akampa kiti kilicho kizuri kuliko vingine. Mezani kulikuwa na mfuko wa sukari uliofunguliwa, na dumu. “Béatha aliniambia ulichosema. Nikushukuru. Miaka yote watu wananiambia nzuri mama, nzuri mama, halafu wanaondoka kikombe kimejaa. Nikawa najiuliza, iko nini? Weye peke yako ndio umesema ukweli. Kumbe ilikuwa uchachu.”

Valens aliangalia chupa zake mbili. Zilionekana kama watoto waliokuja kwenye msiba wakiwa wamevaa nguo za sherehe.

Mukashema alieleza kwamba ameshapika mara tatu upya. Amepunguza siku za kuchacha, ameongeza sukari, akaongeza tena. Ameshakwenda kumsihi Béatha asiagize kreti kwanza, angoje Mwalimu aonje hii mpya. Huku akisema hivyo alimimina, akanywa funda moja mbele yake, akameza akimwangalia machoni kama inavyotakiwa, kisha akampa.

Safari hii Valens alikunywa. Ilikuwa tamu kama dawa ya kikohozi ya watoto. Mtama ulikuwa humo ndani mahali fulani, umezama, hauombi msaada. Na kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya glasi kwa Béatha hakuhisi uchachu wowote, jambo ambalo lilimwumiza zaidi.

“Iko namna gani sasa?” Mukashema aliuliza. Alikuwa ameshika ukingo wa meza.

Angeweza kusema nzuri. Lilikuwa neno jepesi, na angeondoka akiwa mtu mwema, na wakwe wangekunywa sharubati yenye povu, na mwanamke huyu angeendelea kuiua pombe yake kijiko kwa kijiko mpaka mwisho wa maisha yake, kwa ushauri wa mtaalamu.

“Mama, ile ya kwanza sikuionja,” alisema.

“Ulisema ina uchachu.”

“Nilisema. Iligusa sharubu tu. Hukuwapo pale uionje mbele yangu, nami nikaogopa.”

Mukashema aliutazama mfuko wa sukari. Valens aliona jinsi alivyokuwa anarudi nyuma kwenye miaka, nyumba kwa nyumba.

“Basi vile vikombe,” alisema.

“Ndiyo, mama.”

“Vyote?”

Valens alizisogeza chupa zake mbili pembeni. Mukashema alichukua kitambaa akaifuta meza, ambayo ilikuwa safi, akaanza upande mmoja akamaliza upande wa pili. Hakulia, na hakumtukana, wala hakumwambia aende. Alifunga mfuko wa sukari kwa fundo, akaupandisha juu ya kabati.

“Nitapika ile yangu,” alisema mwishowe. “Utainywa kwa Béatha, watu wakiwapo. Na mimi sitaionja mbele yako.”

Ikapikwa. Harufu ilipanda tena hadi ghorofa ya juu, na safari hii ilimfikia Valens kitandani kama hati ya kuitwa mahakamani. Siku ilipofika sebule ya Béatha ilijaa, maana habari za kwamba mtu atakunywa kwa Mukashema bila kuonjewa zilikuwa zimeshuka ngazi zote za Busanza. Kreti za Primus zilikuwa zimekwisha kuletwa, zimepangwa ukutani, tayari kwa lolote. Mukashema aliketi karibu na mlango, mkoba magotini, kama mtu anayesubiri jina lake liitwe zahanati. Alimimina glasi ikajaa hadi ukingoni, akampa Valens bila kuigusa kwa mdomo. Béatha alifungua kinywa amkumbushe adabu, akakifunga.

Valens alisimama. Alisema kwamba mara ile hakuonja. Alisema aliogopa, na kwamba uchachu ule aliutunga. Alitaka kuongeza kwamba nao waliogopa, lakini shangazi aliyemwaga pombe akiimba alikuwa ameanza kuchunguza viatu vyake, basi akaliacha.

Akanywa. Na koo, koo lile lile lililokuwa limekiri kila kitu, likajifunga kama mlango wa duka siku ya umuganda, mtaa mzima ukiwa kwenye kazi ya pamoja. Alilisukuma funda kwa nguvu. Akalifuata likishuka, kifuani, tumboni, akitega sikio kama kuna linalokata, na alipojikamata anatega sikio aliona aibu, na aibu haikumzuia kuendelea kutega. Akanywa funda la pili, la tatu, mpaka sakafu ya glasi ikaonekana.

Hakuna aliyeitazama glasi. Walimtazama yeye, uso, halafu tumbo, halafu uso tena. Hata Ingrid, aliyesoma sayansi chuo kikuu, alikuwa ameshika simu yake tayari. Mukashema alitazama dirishani.

“Haya, Mwalimu,” Béatha alisema. “Ikoje?”

Valens aliyatafuta maneno yake. Ndizi, mkaa, sukari iliyoungua, yote yaliyompa jina mtaani. Hakulipata hata moja. Glasi nzima ilikuwa imepita naye hakuwa ulimini kuipokea, alikuwa chini huko anasubiri kufa.

“Sijui,” alisema. Akamgeukia Mukashema na kumnyooshea glasi kwa mikono miwili. “Niongezee, mama.”

Mukashema hakuinuka. Alilisukuma dumu kwa mguu mpaka mbele ya kiti cha Valens, amimine mwenyewe.