Mishipa ya Ndagala

Muuguzi alishika mkono wangu, akaupigapiga kwa vidole viwili, akamwita mwenzake aje aone. "Huyu mama hana mukeke hata mmoja. Ndagala tupu."

Mukeke, yule samaki mnono wa ziwani, kwao ni mshipa mnene. Ndagala, yaani dagaa, ni ule mwembamba unaokimbia sindano. Mimi ndagala nazinunua Makobola na kuziuza Uvira, kwa hiyo nikajua hapo iko mapatano.

"Utanichoma mara ngapi?"

"Tano, mama, Mungu akitusaidia."

"Moja."

"Mama, weye tusidanganyane. Tatu."

"Mbili. Na utumie kipepeo." Ni ile sindano ndogo yenye mabawa, nilikuwa nimewasikia wakiitaja kwa mgonjwa wa mlangoni.

Akachoma mara tatu. Ya tatu akasema ni matabishi, ile nyongeza tunayomtupia mnunuzi mwishoni.

Akatundika chupa ya serumu ya kinini, dawa ya malaria, kwenye chuma chenye magurudumu. "Nani atakuchungia chupa?"

Kila kitanda kilikuwa na mtu wake na sufuria yake. Watoto wangu, mmoja yuko Bujumbura, mwingine Kalemie. Niliwahesabu tena, walikuwa wale wale wawili.

"Hakuna."

"Basi Shemeji atakuchunga," akasema, akikipiga kile chuma kofi. Ndivyo wanavyokiita, maana kinakufuata mpaka chooni. Chumba kizima kikacheka. Nami nikacheka, kisha nikageukia ukuta.

Chupa ikiisha umelala, damu hupanda kwenye mpira. Kwa hiyo nikaanza kuhesabu matone kwa sauti ya chini, nisisinzie. Mia moja, halafu mia nyingine ili kuhakikisha ile ya kwanza. Kinini ilinilia masikioni kama kengele. Kando yangu, mama mmoja wa Runingu alikuwa akimpepea mume wake, karibu kiasi cha kumgusa. Kumwomba aangalie chupa yangu lilikuwa neno moja tu. Mimi ninayebishania kiganja cha ndagala mpaka mvuvi achoke, neno hilo sikulitoa, nikarudi kwenye matone.

"Dada," akasema yeye bila kugeuka, "umeruka arobaini na tatu."

"Lini?"

"Mara zote mbili."

Nikafungua mdomo nibishe.

"Lala. Minye naanzia moja."

Nililala kabla hajafika kumi. Mia yake sikuihesabu tena.