Ukuta wa Nne

Chumba cha nyuma kilinigharimu shilingi elfu ishirini na moja, mia sita na arobaini. Nimehesabu mara mbili. Ningekubali kulipia ukuta wa nne tangu mwanzo, ingekuwa pungufu.

Ilikuwa miaka ya tisini, kwenye ploti yetu ndogo huku Eastlands. Mama mkwe alikuwa aje kutoka Kakamega kupasuliwa macho, kisha akae nasi miezi miwili. Kwetu huko Magharibi, mama mkwe halali chini ya paa moja na mkwewe. Alikuwa ametuma neno: asipopata paa lake, atabaki nyumbani na giza lake.

Kanjo, watu wa baraza la jiji, walikuwa wakibomoa chochote kisicho na kibali, kwa hiyo nikaanzia kwa mchoraji wa ramani. Akachora kuta nne.

"Boss, nyumba yangu ina ukuta tayari," nikamwambia. "Egemeza hapo, uchore tatu. Na mabati uyaunganishe."

Kibali kilichukua wiki saba. Nilipokileta nyumbani, mke wangu aliifuata mistari ya ramani kwa kidole.

"Baba watoto, hili paa ni la nani?"

"Letu sote. Nimeokoa ukuta mzima."

"Umeokoa ukuta, umemfukuza mama."

Zilibaki siku kumi na mbili apasuliwe. Kesho yake asubuhi nilikuwa ofisini kwa kanjo, ramani kwapani, bahasha mfukoni. Karani alikuwa mzee mwembamba wa Ukambani. Bahasha aliisukuma kwa ncha ya rula ikarudi kwangu.

"Chai nimekunywa nyumbani. Sema shida."

Nikasema. Akanikazia macho.

"Na wewe, mtu wa Magharibi, ukachora hivi?"

"Nilikuwa nabana matumizi, mzee."

Alicheka hadi akavua miwani. "Hata kwetu mkwe anaogopwa. Kimbia, lete ramani ya kuta nne, na pengo la futi tatu kati ya chumba na nyumba. Leo hii."

Mchoraji alinitoza mara mbili kwa ule ukuta, nikalipa. Karani aliibeba ramani mwenyewe, meza hadi meza. Saa kumi jioni ilikuwa na mihuri yote.

Mama alipofika, chumba kilikuwa kimesimama; alikizunguka akipapasa kuta. Akapitisha mkono kwenye pengo, akaupunga hewani. Ndipo akaingia.

Bandeji zilipotolewa, aliona. Kwangu alizungumza kupitia binti yake, kama kawaida: "Mwambie mkwe, yule karani apelekewe kuku."

Aliporudi Kakamega, akamtuma huyo kuku, jike jekundu. Nikampeleka. Ofisini wakaniambia mzee amestaafu, amerudi kwao. Kwao wapi? Ukambani ni kukubwa, nami sikuwahi hata kumuuliza jina.

Yule kuku alitutagia mayai kumi na tisa, tukayala. Mama alifariki akiamini zawadi yake ilifika, na alikufa akiona. Mnaojua mambo haya, nishaurini: kuku wa shukrani akikosa mwenyewe, anapelekwa kwa nani?