Hisa Zilizonunuliwa kwa Pesa ya Hija

Ipo siku moja ninayoikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu, mwanangu, na laiti ningekuwa na uwezo ningeifuta. Nilikuwa kijana wa miaka thelathini, nimefunga tai, nafanya kazi ya uhasibu katika benki ndogo pale Usagara, benki ya wananchi ambayo siku hizi haipo. Jana uliniambia umeajiriwa benki, ukaniomba dua. Dua nitakupa. Lakini kaa kwanza nikuchafulie furaha yako kidogo.

Benki huendeshwa kwa pesa za aina mbili. Kuna akiba za watu, na kuna mtaji, yaani pesa za wenye benki wenyewe walionunua hisa. Sheria inataka mtaji huo, ukilinganishwa na mikopo na mali nyingine za benki, usishuke chini ya kiwango fulani, ili mikopo isipolipwa hasara iwapige wenye hisa kwanza kabla ya kumfikia mwenye akiba. Ndiyo maana yake yote. Chuoni nilifundishwa, nikafaulu vizuri tu, na haikunisaidia kitu.

Mwisho wa robo mwaka ile, mtaji wetu ulikuwa umeshuka vibaya. Tulikuwa tumekopesha ovyo, wengine hata dhamana hawakuweka. Ripoti ilitakiwa kwa wasimamizi wa mabenki, na meneja akaniita kuniuliza tufanyeje. Nikampa wazo langu, nami nilijiona nina akili kweli: wakurugenzi na wafanyabiashara wakubwa wanunue hisa mpya, na pesa ya kuzinunulia tuwakopeshe sisi wenyewe. Kwenye vitabu mtaji ukapanda. Meneja akanipigapiga begani, nikatoka pale natembea kifua mbele.

Mhasibu mkuu wetu, Mzee Mhando, Mbondei wa Muheza, mtu wa kanisa na mkimya, akakataa kutia saini. Aliniita ofisini kwake. Nikamwamkia shikamoo, hakuitikia. Kwetu unajua maana yake; mzee akikunyima marahaba, umeharibu.

"Wewe si wa hapo Makorora?" akasema. "Umeshaona bibi harusi aliyevishwa dhahabu ya kuazima?"

"Nimeona, mzee."

"Wakwe wakishaondoka inakuwaje?"

"Wenyewe huja kuichukua."

"Sasa huu mtaji wako, mwenyewe nani?"

Nikamjibu kijeuri, kwamba hesabu zimekaa sawa. Hakupandisha sauti. Akaniambia, "Zimekaa, ndiyo. Lakini pesa mliyonunulia hisa ni akiba za watu. Hasara ikija itawapiga wao, maana mbele yao hakuna mtu. Kuna ndugu yako ameweka humu?"

Alikuwepo.

Mama yangu mdogo, Bi Mwanakombo wa Kigombe, aliyenilea baada ya mama kufariki, alikuwa ameuza shamba lake la minazi ili aende Hija. Pesa aliiweka sandukuni, chini ya kanga, akiiongezea kidogo kidogo mpaka itoshe safari. Mimi ndiye niliyemfuata, nikambembeleza ailete benki, nikamtisha na wezi. Alikubali kwa sharti moja. "Riba yao miye siitaki," alisema. "Waniwekee tu, nisije nikaenda Makka na pesa yenye doa." Basi pesa safi kuliko zote mle ndani ndiyo niliyowanunulia matajiri hisa zao.

Mzee Mhando akastaafishwa kabla ya muda wake, saini akatia mwingine. Mimi nikapandishwa cheo. Miaka michache ikapita na wale wenye hisa hawakulipa mikopo yao, na nani angewadai? Bodi ilikuwa wao. Halafu wakaguzi wakaja, wakazifuta zile hisa zetu za mazingaombwe, na chini yake hawakukuta kitu.

Nilijua tunafungwa wiki mbili kabla. Ndani ya wiki mbili hizo mama mdogo akaja mjini, pasi yake ya kusafiria mpya ameifunga kwenye leso.

"Mwanangu, watu wanasemasema huko. Pesa yangu ipo?"

Ningeweza kumwambia aitoe saa ileile. Niliogopa. Akiitoa yeye, Kigombe nzima ingejua, foleni ingefika barabarani, na meneja angejua nani kasema. Niliogopa kupoteza kazi ambayo wiki mbili baadaye niliipoteza vilevile. "Ipo, mama," nikamwambia. Akanishukuru, akarudi zake.

Benki ilipofungwa, bima ya amana ilimlipa kiasi, maana ina kikomo chake. Kilichobaki akaambiwa amsubiri mfilisi auze mali za benki. Akasubiri. Kila mwaka mahujaji walipoanza kuagwa alikuwa akiniuliza kwa upole, "Wamesemaje?" Nami nikimjibu bado. Mwishowe akaugua, akawa haulizi tena.

Mara ya mwisho nilipokwenda kumwona alinishika mkono, akanifariji. Yeye anifariji mimi! "Usijitie simanzi," akasema. "Na weye walikudanganya, maskini." Nilikuwa na nafasi ya kusema kweli, tulikuwa wawili tu chumbani. Sikusema. Alifariki akiamini hivyo. Barua ya mfilisi ilifika baada ya arobaini yake, na alichopata hakikutosha hata nauli ya kumfikisha Dar es Salaam.

Watu huniambia siku hizi mambo yamebadilika, wakaguzi ni wakali na mitaji ni mikubwa. Huenda. Mimi imani imeniisha, na sioni kama itarudi.

Nasaha yangu basi ni hii, mwanangu. Wakikuwekea mezani karatasi inayosema mtaji unatosha, usitazame tarakimu peke yake. Uliza pesa hiyo imetoka wapi, na hasara ikija itaanza kumla nani. Ukiona itaanza na mwenye akiba, usitie saini, hata wakufukuze. Na mtu akikuuliza kama pesa yake ipo, mwambie kweli akiwa bado hai.

Mwenyezi Mungu akubariki na kazi yako. Akupe mkubwa wa kukukemea, na moyo wa kumsikia siku hiyohiyo. Na akuepushe, mwanangu, na mamako kufa akikuonea huruma usiyostahili.