Mpwa Wangu Anasomea Kukata Ulimi, na Ulimi Alioupata ni Wangu

Admin, ficha jina langu, ingawa hata ukificha namna gani watu wa Yamumbi watanijua. Mimi ni mwanaume wa miaka hamsini na sita, mke mmoja, watoto wanne, duka na shamba ya viazi. Kutoka Timboroa mpaka hapa Eldoret, hakuna msichana wa maana ameolewa miaka ishirini hii bila mdomo wangu kupita hapo. Mimi ndiye msemaji wa mahari. Mheshimiwa mmoja, simtaji, alinitumia gari mbili nikamsemee kijana wake, na ya pili ilikuja tupu, ya heshima tu. Nilisimama nikaongea masaa matatu bila maji, mpaka wazee wa upande wa msichana wakaanza kututolea sisi vitu. Shule niliachia darasa la sita kwa sababu walimu walikuwa wameishiwa na ya kunifundisha.

Sasa sikieni. Tangu wakati wa kupanda nimekuwa na kidonda kando ya ulimi. Nikadhani ni jino limenikwaruza. Nikasukutua na chumvi, nikatafuna majani niliyoambiwa, wapi. Binti ya marehemu ndugu yangu ni daktari wa upasuaji. Mimi mwenyewe nilisimama kwa sherehe yake nikatangazia kanisa nzima kwamba huyu amemaliza kusoma, hakuna darasa limebaki. Kwa hivyo nikamwendea nyumbani kwake, mtaa wa Munyaka, anipe dawa.

Nikafungua friji nitoe maziwa ya chai. Nikakuta mapaja ya kuku matano, yamepasuliwa, na ndani mshipa mwembamba umekatwa ukashonwa tena, na uzi wenyewe huwezi kuuona mpaka usogee kwa dirisha. Nikajua mtoto ameingia mambo ya giza. Nikamuuliza polepole hizi ni za nini. Akacheka, akasema ni mazoezi. Kumbe amerudi shule. Miaka miwili ingine, anasomea kutoa kansa ya kichwa na shingo peke yake. Mdomo, ulimi, koo, huko tu. Kuku ni ya kuzoesha mkono, kwa sababu mishipa ya damu ya mtu wanayounganisha ni myembamba vilevile.

Hapo ndipo nilianza kushuku. Mtu amemaliza kusoma anarudia nini, kama si kwamba mara ya kwanza hakushika?

Akanimulika tochi mdomoni. Akapapasa shingo huku na huku. Kesho yake nikapigwa picha za mdomo, nikakatwa kipande kidogo cha kupimwa. Nilipoitwa tena hospitali nikapita mlango uliokuwa wazi nusu, nikaona ulimi wangu kwa ukuta, mkubwa kama blanketi, na madaktari kama kumi wameketi wanauangalia. Niliujua kwa lile jino la pembeni lililovunjika. Mpwa wangu akaniambia ndiyo desturi yao, mgonjwa wa kansa lazima ajadiliwe na wote kabla mtu yeyote hajashika kisu. Lakini mimi nimekaa vikao vingi. Watu kumi hawakutani juu ya kitu kama hakuna wanachogawana.

Ni kansa. Watatoa upande mmoja wa ulimi, halafu watoe ngozi na nyama kidogo hapa mkononi, karibu na pale navaa saa, wajazie pale na kuunganisha mishipa. Nikauliza kama huo ulimi utaota nywele. Daktari mkubwa, mwalimu wa mpwa wangu, akasema bila kucheka kwamba inaweza kutokea. Nikaletewa fomu. Nikasoma yote, na kwa fomu imeandikwa kwamba madaktari walio masomoni wanaweza kushiriki. Nikaweka kalamu chini.

"Mimi si paja la kuku," nikamwambia mpwa wangu.

"Uncle, mimi sitakukata," akasema. "Hatukati watu wetu. Mkono unaweza tetemeka. Atakukata mwalimu wangu, na mimi sitaingia hata hiyo chumba."

Wasomaji, hapo ndipo usingizi ulitoroka. Kwanza nilishuku ananitaka wa kujifunzia. Sasa hataki hata kunigusa. Fundi akikataa kupanda paa aliyojenga mwenyewe, wewe utapanda? Ameona nini humu mdomoni ambacho hajaniambia? Nikamuuliza vile vile. Akavua miwani.

"Nimeona kile nilikuonyesha. Bado ni kidogo. Ukingoja mpaka mavuno itashuka kwa shingo, na hapo si ulimi tutakuwa tunaongelea."

Akalia. Na huko kulia pia nikakushuku.

Wameniweka Jumanne ijayo. Mke wangu anajua naenda kung'olewa jino. Wanasema nitaongea tena, lakini nitafundishwa upya kama mtoto, na maneno mengine hayatanyooka kama zamani. Kuna familia ya Timboroa wanangoja niwasemee mwezi ujao, sijawajibu. Rafiki zangu wawili nimewaambia nusu. Mmoja anasema niende, mwingine anajua mzee wa dawa za miti na anasema kisu huamsha kansa.

Nyinyi ni wengi humu, na najua kuna waliopitia hii. Niende hiyo Jumanne nimwamini huyu mtoto na mwalimu wake? Au nitafute daktari aliyemaliza kusoma kabisa, hata kama ni kungoja? Nishaurini, na mnishauri mapema, Jumanne si mbali.

Na kwa vile jina limefichwa, niongeze hii moja. Kila asubuhi najifungia bafuni, nashika ulimi na leso upande ule watakata, na najaribu kusema jina la mke wangu. Halitoki vizuri. Jana aliniuliza akiwa nje ya mlango kama ninalia. Nikamwambia napiga mswaki.