Nilikwenda Lubaga Kumrudisha Neema

Nilifunga safari kwa hasira. Binti yangu Neema, aliyekuwa akisomea ufamasia Kampala, alipiga simu kusema kwamba ameacha. Amehamia chuo kidogo kinachofundisha zile sanaa saba za wanazuoni wa Ulaya ya zama za kati: sarufi, mantiki, balagha, hesabu, jiometri, muziki na elimu ya nyota. Nyota! Mke wangu akasema, "Baba Neema, usirudi bila mtoto."

Asubuhi nikatoka Bukoba. Toka mpakani Mutukula hadi Masaka nilikuwa napanga maneno, na kila kilima kiliniongezea neno kali zaidi.

Kampala nilifika jua likichoma. Bodaboda akanipandisha Lubaga, akaniacha nyuma ya kanisa kuu, penye nyumba ya bati jekundu. Nilitegemea kukuta watu wanasinzia. Lo! Kelele kama mnadani. Vijana wawili wanabishana kama ni halali kusema uongo ili kumwokoa mtu, na wenzao wanazomea kila hoja iliyopinda.

Neema akaja, akapiga goti. "Shikamoo, baba."

Sikuitikia. "Kafunge mizigo," nikasema mbele ya wote.

Mwalimu wao, Madam Akello, mtoto wa askari kutoka kaskazini, mwenye Kiswahili cha kambini, akainuka. "Karibu, ssebo, bwana. Lakini hapa kukataa maneno ya mtu, bado. Kwanza wewe sema ile maneno yake. Yeye akikubali ni hiyo, sasa unakataa."

Nikacheka. Akamgeukia Neema: "Anza wewe. Mzee anasema nini?"

Neema akavuta pumzi. "Baba anasema dawa ni kazi ya kueleweka, na nyota hazilipi pango. Anaogopa watu watamcheka. Anaogopa zaidi kwamba akifa, mama atakosa wa kumwegemea. Ndivyo, baba?"

Hilo la mwisho sijawahi kumwambia mtu yeyote.

"Ndivyo," nikasema.

"Sasa ssebo, mtoto anasema nini?"

"Amechoka kusoma."

"Sivyo, baba."

"Kuna mvulana." Darasa zima likacheka.

"Sivyo."

"Anataka raha za mjini."

"Sivyo," akasema, machozi yakimtoka. Nimevuka mpaka kuja kukataa maneno ambayo siyajui!

Jioni tulikaa wawili tu, nikamuuliza. Kule kwenye dawa alikuwa akifaulu kwa kukariri, na aliogopa siku moja atampa mgonjwa dawa ya kumuua. Hapa anafundishwa kulipima jibu kabla ya kulimeza. Nikayarudia maneno yake, nikakosea, nikarudia tena, hadi akasema, "Ndivyo, baba." Bado nilikuwa na la kumjibu, ila makali yalikwisha.

Bukoba nilirudi peke yangu. Mke wangu alinisubiri mlangoni. "Mtoto yuko wapi? Umekwenda simba, umerudi paka!"

Nilitaka kumkatiza kama kawaida yangu. Nikajizuia. "Ngoja, mama Neema. Unasema nimekuangusha. Unasema tangu mtoto aondoke nyumba hii imepoa, mimi nashinda dukani, nawe huna wa kuzungumza naye. Ndivyo?"

Mke wangu akaketi kizingitini taratibu, akanitazama kama mgeni.

"Nani kakwambia?" akauliza.